Ukoma Ulinipata Mara Mbili

Harufu ndiyo iliyonifichua. Nilikuwa nimesimama kwenye mashine yangu ya kusaga, watu wamepanga ndoo zao za mahindi, naongea na jirani habari za wanunuzi wapya wa kahawa, hawa binafsi walioanza kuja Mbuji na magari yao baada ya serikali kufungua mlango. Mke wangu akapita na kapu kichwani, akasimama, akanusa.

"Baba Gaude, nani anachoma nyama saa hizi?"

Hakuna aliyekuwa anachoma nyama. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa kimeegemea bomba la moshi la injini, na mimi sina habari.

Nilipokitoa, ngozi ilibaki kwenye bomba. Wanawake wakapiga kelele. Mimi sikupiga, maana hapakuwa na kitu cha kunifanya nipige. Wengine watakuambia walijua ugonjwa wao hospitalini. Mimi nilijua palepale, kabla mke wangu hajaleta maji, kwa sababu nimekulia ndani ya ugonjwa huu.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute Kiswahili cha redio hapa. Nawaandikia watu wawili: mgonjwa aliyeambiwa jana kwamba ana ukoma, na mtu aliyelelewa mbali na wazazi wake kwa ajili ya ukoma, kama mimi. Huyu wa pili anadhani amepona kwa sababu hana doa. Asidanganyike.

Mara ya kwanza ukoma ulinipata nikiwa ngozi safi. Mama yangu ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alipelekwa kambini, upande wa Songea, mimi nikiwa mgongoni. Kambi ilikuwa na bonde na mlima. Wagonjwa walikaa bondeni. Watoto wao, tulipoacha ziwa tu, tulichukuliwa na kupelekwa nyumba ya juu ili tusiambukizwe. Jumapili baada ya misa akina mama walipanda hadi kwenye ua wa minyaa, na sisi tulipangwa mstari upande wa pili, kama hatua ishirini. Mnaangaliana. Kengele ikilia, wanashuka. Mama yangu alikuwa akiacha karanga za kukaanga juu ya jiwe. Mlezi alizizoa kwa koleo akazitia motoni. Sikuonja karanga ya mama yangu hata moja.

Nikiwa na miaka kama tisa, mlezi alinikuta nachota maji akaniambia, mama yako alizikwa Alhamisi. Ilikuwa Jumamosi. Nikaendelea kuchota.

Sitawatukana walionilisha. Dawa ya maana haikuwapo wakati ule, na waliogopa kama watu wote. Lakini kilichotokea ndicho hicho.

Nikapanda kurudi Mbuji nikiwa kijana wa miaka kumi na minne, kutafuta ukoo wa baba. Baba alikwisha kufa. Sisi Wamatengo tuna sengu: kila mama anapika kwake, chakula kinabebwa hadi kwa mkubwa wa ukoo, wanaume na watoto wa kiume wanakula pamoja, na wakishakula maneno yote ya ukoo yanasemwa hapohapo. Nani anaoa, nani kaiba, shamba gani liende kwa nani. Mtu anafunzwa utu kwenye sengu. Mimi walinikaribisha, hawakunifukuza, lakini walinipa sahani yangu peke yangu. Nikaila siku nne. Siku ya tano sikwenda. Nikaomba kipande cha mlima ambacho hakuna aliyekitaka, nikachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia kwenye miteremko, nikapanda mahindi, nikapanda kahawa. Nyumba ya matofali ya kuchoma nimeijenga kwa mikono hii. Mashine ya kusaga ni yangu. Hakuna mtu Mbuji anayeweza kusema alinisaidia.

Nikaoa Osmunda, nikazaa watoto wanne. Sikuwapiga sana na sikuwabeba. Nilikula chumbani, mlango umefungwa. Nilidhani ndivyo baba anavyokuwa, kwani ningemwona wapi mwingine? Gaudensia, mkubwa wangu, alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nilimkuta ananyonyesha huku amegeuza uso dirishani, kama mtu anayesubiri ndoo ijae. Nikajiuliza, huyu kamwiga nani? Nikatoka nje haraka, nisije nikajijibu.

Basi, twende hospitali.

Siku ya ukoma na kifua kikuu ilikuwa Jumanne, na wilaya nzima ilijua. Kulikuwa na benchi moja refu chini ya upenu, na ukikaa pale Jumanne, hata kama umekuja kusubiri shemeji, basi umeshajulikana. Mara ya kwanza nilisimama mbali, karibu na wamama wa kliniki, nikijifanya mume wa mmoja wao. Mama mmoja akaniangalia mkono uliofungwa kitambaa, akasonya. "Mzee, kaa kule na wenzako. Hapa utaambiwa upimwe ujauzito." Wamama wakacheka mpaka watoto wakaamka. Nikaenda kukaa benchi la Jumanne. Lakini nasema kweli, kicheko kile kilinisaidia. Nilitegemea watanikimbia.

Dokta mwenyewe alikuwa kijana, anazunguka vijijini kwa pikipiki. Akanivua shati, akaniambia nifumbe macho, akanigusagusa kwa pamba iliyosokotwa. "Nikikugusa, onyesha kwa kidole." Nikaonyesha mara mbili tatu. Halafu nikasubiri.

"Mbona umeacha kunigusa?" nikamuuliza.

"Sijaacha, Mzee."

Akanipa pakiti ya dawa ya mwezi. Vidonge vya kwanza unameza mbele yake, vingine unakwenda navyo nyumbani. Pakiti ishirini na nne, mwezi kwa mwezi. Dawa ni bure, na baada ya siku chache za kumeza huambukizi mtu tena. Yote hayo alisema, nikatikisa kichwa. Halafu akauliza.

"Nyumbani kuna watoto?"

"Wakubwa. Wameshaoa na kuolewa."

"Wadogo?"

"Sina."

"Maana wote mnaolala nao nyumba moja inatakiwa muwalete wapimwe."

Sasa elewa. Nyumba ya juu tulikuwa watoto wengi, na usiku tulisimuliana tulivyofika. Hadithi zilitofautiana, mto huu, kijiji kile, lakini zote zilianzia mahali pamoja: mama aliambiwa amlete mtoto apimwe. Kijana yule wa pikipiki alikuwa anatabasamu, na mimi niliona ua wa minyaa nyuma ya mabega yake.

Na mdogo nilikuwa naye. Tekla, kitinda mimba wetu, miaka saba, meno ya mbele hana, mdomo haufungwi.

Nilifika nyumbani nikamwambia Osmunda ugonjwa wangu, nikamwambia na lingine. "Tekla aondoke. Wakimjua watamchukua."

"Nani atamchukua?"

"Wao."

"Wao kina nani, Baba Gaude? Mkoloni ameondoka zamani, hata Ujamaa wenyewe umeondoka."

"Mama Gaude, wewe hukulala kule. Mimi nililala."

Osmunda alikuwa ananijua. Alilia, akafunga nguo za mtoto kwenye kanga. Kahawa ikiwa bado ya kuchuma, niliacha shamba nikateremka na Tekla hadi Lituhi, ziwani, kwa Yustina, mdogo wake Osmunda. Kwa miguu, halafu lori, halafu miguu tena. Njia nzima mtoto anauliza. Ziwa lina mwisho? Samaki wanalala? Mama mdogo ana mbwa?

Tulimkuta Yustina anaanika usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, wametandazwa mchangani wanametameta. Tekla alikimbilia kuwageuza. Nikamweleza Yustina kwa maneno machache, nikaweka kanga mlangoni, nikageuka kurudi mlimani wakati mtoto amenipa mgongo. Sikuaga. Nilijiambia, akikuona unaondoka ataumia. Nilijiona baba mwenye akili: hawatamchukua, maana nimemtoa mwenyewe.

Soma tena sentensi hiyo. Mimi ilinichukua miezi minane kuisikia.

Miezi ile niliihesabu kwa pakiti. Siku ya kwanza ya kila pakiti mkojo ulitoka mwekundu kama maji ya udongo. Dokta alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa si kuona. Kuna kidonge kimoja laini, rangi ya kahawia, hicho ndicho kilichonibadilisha ngozi. Nilikuwa mweusi wa kawaida, nikawa mweusi wa chungu. Miguu ikakauka, ngozi inapukutika kama magamba. Kanisani watu walinisalimia, "Shikamoo Mzee," halafu macho yanabaki kwangu. Nikaacha kupeana mkono wa amani, nikawa natazama paa.

Mvua zilipoanza, wakati pakiti ya tano inaelekea kuisha, mwili ukanigeukia. Mshipa wa kiwiko ukavimba kama kamba ya meli, maumivu yakateremka hadi kwenye vidole viwili vya mwisho, vikaanza kujikunja. Nikadhani dawa inaniua, nikataka kuitupa chooni. Osmunda akaficha pakiti ndani ya debe la maharage ya mbegu, akaniambia, "Ukitaka kuitupa, kwanza yachambue haya." Dokta akasema hiyo si dawa kushindwa, ni mwili unapigana, usiache hata siku moja. Akanipa vidonge vingine vya kutuliza. Vile vikanijaza mashavu. Sokoni wakasema, "Mzee Kosmasi kanenepa, kahawa ya wanunuzi binafsi hiyo!" Niliwaacha waseme.

Kwa hiyo wewe uliyeanza dawa, usikie hapa: utabadilika rangi, utavimba, utaumwa zaidi kabla ya nafuu. Meza. Rangi inarudi. Kidole kilichojikunja kwa sababu ulichelewa hakirudi. Mimi ninavyo viwili.

Nyumba ikawa kimya. Sikujua kuwa kelele zote za nyumba yetu zilikuwa za Tekla peke yake. Osmunda alinipikia, akaniwekea chumbani, akatoka. Jioni moja nilimwona amekaa jikoni ameshika gauni dogo analishona mahali ambapo halijachanika.

Mwezi wa nane wa dawa, wachuuzi wa usipa walipopanda kutoka Lituhi, mmoja alileta barua ya Yustina. Osmunda akanisomea. Mtoto hajambo. Alilia, sasa halii. Amekuwa mkimya. Usiku anakojoa kitandani, na hakuwa hivyo. Mimi ananiita mama. Halafu mwisho, kana kwamba si kitu: ana doa begani, limepauka kama mba, nimempaka mafuta haliondoki, lakini haumwi nalo, hata nikilikwaruza.

Osmunda akaikunja barua. "Umesikia."

"Mba," nikasema.

"Kosmasi." Miaka yote ya ndoa alikuwa hajaniita jina langu. "Mtu akikwaruzwa mba anawashwa."

"Nimesema ni mba."

"Apelekwe kwa dokta."

"Nilishamwambia dokta sina mtoto mdogo."

"Basi mwambie ulidanganya!"

"Nimwambie, wamchukue?"

Alisema taratibu, "Wamchukue mara ngapi? Hayupo."

Nikaondoka kwenda mashineni. Niliwasha injini hata pasipokuwa na mahindi.

Kesho yake adhuhuri Osmunda alifanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi. Alipika ugali na maharage, akajitwisha, na badala ya kuniletea chumbani akavuka kilima hadi kwenye sengu ya ukoo wangu, ile niliyoikimbia. Akaweka chakula mbele ya wazee. Mwanamke akishaweka chakula anaondoka. Yeye akabaki amesimama, akawaambia: "Mume wangu ana ukoma, anameza dawa. Mtoto wake ana doa, amemficha ziwani. Mimi sina baba hapa. Nyie ndio mna maneno. Leo msile kabla hamjasema."

Wakatuma mtu kuniita. Nilikwenda kwa hasira, nimevaa koti. Mvua inanyesha, wamejibana ndani, moshi, wanaume kama kumi, chakula kinapoa katikati na hakuna aliyekigusa. Mkubwa wao sasa alikuwa baba mdogo Lukas, mdogo wake marehemu baba yangu, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama."

"Kaa, Kosmasi, shingo inaniuma kukutazama juu."

Mmoja akaguna kucheka, nikakaa.

Akasema, "Unamficha mtoto asichukuliwe na nani?"

"Na waliomchukua mama yangu. Na waliokuja kunichukua kwake."

"Waliomchukua mama yako." Akafuta jicho kwa kiganja. "Wewe umewanunia wazungu na serikali maisha yako yote, na sisi tumekuachia, maana ilitufaa. Sasa nisikilize nikiwa bado na pumzi. Wageni wale walipopita kuuliza kama kuna wagonjwa, hawakumwona mama yako. Alikuwa shambani. Sisi ndio tuliomtaja. Hapa. Sengu ilikaa, ugali ukaliwa, wakasema mwanamke wa kaka yangu ana mabaka, ataharibu ukoo, apelekwe, na mtoto wake amfuate. Mimi nilikuwa kijana, ndiye niliyewanawisha mikono siku ile. Nilikuwa nashika kata. Walinawa, wakasema aende."

Nikauliza, "Na baba?"

"Baba yako hakusema kitu. Alimega tonge, akala."

Nikautazama ugali uliokuwa unapoa katikati yetu.

"Ile sahani yako," baba mdogo akaendelea, "haikuwa ya kuogopa ukoma. Ulikuwa huna ukoma. Tulishindwa kukutazama usoni. Sasa mkeo amekuja na chakula. Tukinyamaza leo, tukala, tutakuwa tumempeleka na huyu mdogo. Mimi sinawi tena maji yale. Kamlete mtoto. Akiwa na doa atibiwe. Hakuna wa kumchukua. Na akitokea wa kumchukua, atatukuta sisi wote mlangoni kwako, na mimi nitakaa mbele na fimbo hii, ingawa sioni vizuri, naweza kupiga yeyote."

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Nilitamani kuwachukia, na niliwachukia. Bado kuna siku nawachukia. Lakini kitu kilichonikata miguu si wao. Ni baba, na tonge lake. Maana nilimwelewa. Mimi nilikuwa nala chumbani, mlango umefungwa, na mtoto wangu yuko Lituhi.

Nikarudi ndani kumfuata Osmunda, nikamwambia, "Nateremka kesho."

Akasema, "Tunateremka."

Barabara ilikuwa tope, lori likakwama, tukasukuma, mimi nasukuma kwa mkono wa kulia. Tulifika Lituhi siku ya pili. Tekla alikuwa anamenya mihogo na watoto wa Yustina. Meno yalikuwa yameota. Aliponiona alisimama, akarudi nyuma, akashika sketi ya Yustina na kujificha. Akamwambia kitu kwa Kinyasa. Yustina hakutaka kututafsiria, nikamlazimisha.

"Anauliza huyu mweusi ni nani."

Ilikuwa dawa, ilikuwa ngozi yangu. Lakini nilikaa chini mchangani palepale. Osmunda akamwita, naye akaenda kwa mama yake polepole, kama kuku anayeitwa na mtu asiye na mahindi mkononi. Gauni lilimteleza begani nikaliona doa, kubwa kama mdomo wa kikombe. Nikachukua unyoya wa kuku uliokuwa chini, nikaupitisha juu ya doa. Hakugeuka.

Jumanne iliyofuata tulikaa benchi la Jumanne watatu. Nilimwambia dokta, "Nilikudanganya. Ninaye mdogo, huyu hapa." Nikashika ukingo wa meza nikingoja. Nilikuwa nimekwisha kuangalia mlango uko wapi. Kijana akampima, akaandika.

"Ni doa moja, Mzee, na mishipa yake mizima. Miezi sita ya dawa, inakwisha kabisa, haitabaki alama."

"Na atakaa wapi?"

"Nani?"

"Mtoto. Miezi hiyo sita."

Akanitazama kama nimemuuliza jua linalala wapi. "Nyumbani kwenu. Kwani mnataka kumpeleka wapi?"

Osmunda akaanza kucheka, halafu haikuwa tena kicheko. Dokta akampa kiti. Mimi nikamkaribisha kijana aje kwetu kula, siku yoyote. Akasema maharage hapana, ana vidonda vya tumbo, maharage ya Mbuji yatamuua kabla ya ukoma wangu. Basi nikampelekea ndizi.

Usidhani iliishia hapo. Kumrudisha mtoto nyumbani ni safari ya siku mbili. Kumrudisha kwako ni nyingine. Tekla alirudi kwa mama yake baada ya wiki chache. Kwangu, hapana. Niliacha kula chumbani, nikakaa jikoni na wao. Nikiingia, yeye anabeba sahani anatoka. Sikumkemea. Nilijua njaa ya kutaka mtu akuite na njaa ya kutaka akuache, zote nilizila nikiwa mtoto. Nikabaki nimekaa. Kila siku mahali palepale, mlango wazi.

Kila mwezi ilibidi twende pamoja kumeza dawa mbele ya dokta, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mwezi wa kwanza alitangulia mbali, nikawa naona kichwa tu. Wa pili hivyohivyo. Mwezi wa tatu aligeuka mara mbili kuhakikisha nipo. Kahawa ilianza kuiva, wachumaji wako mashambani wanatuamkia, yeye anawajibu, mimi haniongeleshi.

Mwezi wa tano, tukiwa njiani kurudi, alisimama katikati ya njia akanisubiri.

"Baba, kwa nini ulinipeleka?"

Nilikuwa na majibu mengi mepesi. Mlezi wangu angesema, chota maji. Baba yangu angemega tonge. Nikamwambia yote. Kambi, bonde, ua, karanga kwenye jiwe, sengu na maji ya kunawa, mpaka namna nilivyogeuka pale Lituhi bila kuaga kwa sababu niliogopa uso wake. Nilimwambia, "Nilikosea. Kosa langu, si lako, wala si la doa lako." Sikuwahi kumwambia hivyo mtu yeyote duniani. Nilisema njia nzima ya kilima, na sauti yangu ilinichosha kuliko mwinuko.

Halafu akasema, "Mimi nililia siku tatu. Halafu nikachoka. Wewe ulilia siku ngapi?"

"Sikumbuki. Nilikuwa mdogo sana."

Akafikiri. "Basi zitakuwa nyingi," akasema. Akapunguza mwendo, tukatembea sambamba, na hakutangulia tena.

Doa lake lilikwisha. Ukimvua gauni huwezi kujua lilikuwa bega gani. Mimi nilimeza pakiti zangu zote ishirini na nne, dokta akaandika nimemaliza, rangi yangu imenirudia, vidole viwili vimebaki vimejikunja na nimejifunza kufunga mkanda wa mashine kwa vitatu. Adhuhuri nakula senguni kwa baba mdogo Lukas, kwenye sahani moja na wengine, na nilimwambia waziwazi kuwa sijamsamehe yote. Akasema na yeye hajajisamehe, sogeza maharage. Gaudensia naye siku moja alikuja na mwanawe, nikampokea mtoto nikamweka pajani. Alisimama mlangoni ananiangalia, na hakuondoka.

Wewe mgonjwa mpya, kameze dawa Jumanne mchana, watu wakikuona. Na wewe mwenzangu wa nyumba ya juu, ambaye huna doa ila unakula peke yako na hujui kwa nini: fungua mlango, waambie wanao ulikotoka, hata kama sauti itakuchosha. Wakikuambia umpeleke mtoto apimwe, mpeleke. Mshike mkono njiani, ngojeni majibu pamoja, halafu rudi naye nyumbani siku hiyohiyo.